Kalkuleta ya Mama Mdogo

Leo mwanamke wa Kichina ameongea katikati ya mtihani, na sauti imetokea mezani kwangu.

Ngoja niwaambie.

Pepa ya mwisho ya semesta, uhasibu. Asubuhi kalkuleta yangu ikagoma kuwaka. Nikapita Kariakoo dukani kwa mama mdogo, nikabeba ile anayouzia vitenge.

Sikujua kama inataja kila namba kwa Kichina. Kwa kelele za pale dukani, nani angesikia?

Nimebonyeza saba tu, chumba kizima kikageuka.

Msimamizi, mzee asiyecheka na mtu, akaja taratibu.
"Toa simu."
"Shikamoo mwalimu. Sina simu, ni kalkuleta."
Hata marahaba hakuitikia.

Jamani, ukikamatwa na simu ni kudisco, unafukuzwa chuo moja kwa moja. Miaka mitatu yote, kwaheri. Jasho likaanza kudondoka kwenye karatasi.

Akabonyeza mwenyewe. Yule dada wa Kichina akaongea. Akabonyeza nyingine, akajibiwa tena. Nyuma mtu anakohoa kuficha kicheko.

Mzee akaitia mfukoni.
"Piga hesabu kwa mkono."

Nimejumlisha kwa kalamu kama niko darasa la tatu, mpaka pande mbili za hesabu zikalingana. Nikakusanya, nikatoka nje, nikashusha pumzi. Semesta imeisha.

Nikachukua simu yangu niliyoiacha kwenye begi mlangoni, ikaita. Mama mdogo.
"Pole na mtihani, mwanangu. Sasa niwahishie kalkuleta yangu, wateja wamejaa."

Nimesimama nje ya ofisi ya yule mzee. Nani yuko karibu aje anigongee mlango?