Ngozi Chini ya Gari

Tumbo la gari ni laini kuliko watu wanavyodhani. Niulizeni mimi. Katika kiangazi kimoja nilitoboa bakuli la oili la gari la tajiri wangu mara mbili, zote kwa mawe ya njia ya Kisesa, na mara zote mbili nililala chali vumbini nikitazama oili ikichuruzika hadi tone la mwisho, huku nikilitukana jiwe kana kwamba lilitoka kwao kunifuata.

Lilikuwa gari dogo la mzigo, nafasi ya watu wawili mbele na bodi ya mbao nyuma. Leo mngeliita pikapu. Mwenyewe alikuwa Mhindu, mwenye duka karibu na bandari ya Mwanza, na mimi nilikuwa dereva wake. Tulipeleka chumvi, vitambaa na mafuta ya taa, tukarudi na karanga na dengu. Barabara ilikuwa jina tu. Ukiyamaliza mawe unaingia mbugani, ambako magurudumu ya waliotangulia yalichimba mifereji hadi gari likawa linakwenda likiburuza tumbo.

Mara ya pili tajiri hakunifokea. Alikuwa mpole, na upole huo ndio ulionitisha. "Dereva," aliniambia, "ikitoboka tena, mimi naweka mtu mwingine. Naona haya kusema, lakini naweka."

Na mimi bila gari lile nilikuwa nani? Mtoto wa wafugaji aliyewakimbia ng'ombe, basi. Niliupenda usukani ule kuliko chakula. Hata harufu ya petroli na dengu mle ndani niliipenda, na mpaka leo nikiinusa mahali, moyo unaniruka.

Nikaenda kwa mhunzi. Tukapasua pipa kuukuu la petroli, tukalinyoosha kwa nyundo, tukakunja ukingo wa mbele kuelekea juu, tukalifunga kwa boliti chini ya injini na kuacha tundu la kumwagia oili chafu. Kazi safi kabisa. Safari ya kwanza, jiwe la kwanza, bati likabonyea na kuligonga bakuli lile lile tulilotaka kulilinda. Nusura litoboke mara ya tatu.

Tajiri aliponipa siku tatu za mapumziko, nililipeleka gari kwa baba, upande wa Buswelu. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida. Baba hakuwa amewahi kupanda gari maishani mwake, lakini alijifunga shuka vizuri, akaingia chini na kukaa huko muda mrefu. Alitoka akicheka.

"Chuma na chuma wanagombana," alisema. "Weka mtu wa katikati."

Mtu wa katikati alikuwa ngozi ya dume lake jeupe, alilolichinja siku nilipooa. Tuliiloweka mchana kutwa, tukaikunja mara mbili juu ya bati, tukaizungusha hadi ukingo wa mbele, kisha tukatoboa matundu na kuivuta kwa kanda za ngozi, kama mtu anavyowamba ngoma. Ilipokauka ilikaza mpaka kanda zikalia. Baba aliipiga kofi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimpenda sana siku ile, na sikumwambia.

Ah, miezi ile! Jiwe likigonga halikutoa tena ule mlio wa kukata maini. Lilitoa *du*, mlio mzito, nasi tukapita. Tajiri alipokaa kando yangu alikuwa akihesabu: du ya kwanza, du ya pili, anacheka kama mtoto. Dukani aliwaambia wenzake kwamba dereva wake ana akili ya fundi. Hakuuliza juu ya bati kuna nini, kwa maana vumbi na oili vilikuwa vimeifunika ngozi ikawa nyeusi tii.

Mtasema, mpumbavu wewe, ngozi ya ng'ombe kwenye gari la Mhindu! Nilijua hawali nyama yake. Lakini kwetu ngozi si nyama. Ngozi tunailalia, tunaibebea mtoto, tunaifungia mlango. Haikunijia akilini, mpaka siku moja ng'ombe alipokatiza mbele yetu njiani na tajiri akanisimamisha. Alishuka, akamgusa yule ng'ombe mgongoni, kisha akajigusa paji la uso. Nikahisi kiti kinaniunguza. Ningesema siku ile ile. Nikazifikiria funguo, nikanyamaza.

Kila mwaka walikuwa na siku ya kubariki vyombo vya kazi: mizani, mkasi, cherehani na gari. Mama yake tajiri, bibi mfupi aliyetembea kwa shida, alitoka na sinia lenye maua, unga mwekundu na nazi. Familia nzima ilisimama uani. Akapaka boneti, akapaka usukani. Kisha mwanawe akamwambia kitu kwa lugha yao akionyesha chini, na nikaelewa: anamsimulia habari za ile kinga iliyoliokoa gari. Bibi akatabasamu, akachovya kidole katika unga mwekundu, akaanza kuinama.

"Mama, usiguse!" Nilipaza sauti mpaka watoto wakashtuka. "Hapo kuna ngozi. Ya ng'ombe."

Bibi aliurudisha mkono. Tajiri alinitazama.

"Ulijua?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Ningesema sikujua, angenisamehe ujinga wangu. "Nilijua, Bwana. Tangu siku ile ya ng'ombe barabarani."

Akanyoosha mkono. Nikaziweka funguo.

Bibi ndiye aliyeuliza. "Ng'ombe ya nani?"

"Ya baba yangu, Mama."

"Baba alikula?"

"Sisi tulikula. Yeye hakula. Alikwenda kukaa zizini."

Akalitazama sinia lake, akaingia ndani, nazi haijavunjwa. Tajiri aliniambia, "Toa. Rudisha kwa baba yako. Usitupe."

Niliikata nikaibeba begani kwa miguu hadi nyumbani. Baba alisikiliza yote. "Watu wanaomheshimu ng'ombe hivyo," alisema, "ungeniambia mapema. Tungepatana." Nilikaa siku tatu nikichunga, nikiona aibu mbele ya ng'ombe wenyewe.

Siku ya nne tajiri aliniita. Hakuhubiri. Juu ya kaunta kulikuwa na funguo, na kando yake tairi bovu, la kukatia viatu vya katambuga. "Weka hii," alisema. Nikaliweka. Kusema kweli halikufikia ngozi kwa uzuri, lakini bakuli halikutoboka tena.

Mwaka uliofuata bibi alitoka tena na sinia lake. Akapaka boneti, akapaka usukani, kisha akasimama mbele yangu.

"Dereva, chini iko nini?"

"Mpira, Mama. Mpira na chuma tu."

Nilikuwa tayari kulala chini nimfungulie aone. Yeye akashika bawa la gari, juu ya gurudumu, kwa mkono mmoja, akaupitisha wa pili chini, akapapasa ukingo na kuupaka unga mwekundu. Hakuinama kuchungulia.