Kiti Kifupi cha Mama wa Koperative

Mama wa koperative ya akiba hapa Baraka hafungui faili ya patron yeyote mwenye wafanyakazi kabla hajamkalisha kwenye kiti chake kifupi chenye mikono. «Sasa simama, bila kushika kitu.» Patron akiguna, yeye anapiga makofi, bangili zinalia: «Umesikia magoti? Ya bafanyakazi bako iko vilevile!» Ndipo anapuliza muhuri na kueleza, kwa sauti ya muuza samaki wa ndagala sokoni, jinsi patron anavyoweka kidogo kila mwezi, na mfanyakazi kidogo, hadi siku ya kupumzika kwa uzee. Juzi aliingia Useni, mnene, mwenye mitumbwi mitatu, akiapa kwamba bavuvi habazeekake. Akakaa. Alipoinuka, kiti kikainuka naye, kimemng'ang'ania nyuma. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulicheka hadi machozi; mama alijifunika uso kwa faili, mabega yakimtetemeka. «Papa Alonda, nivute!» Useni akamwita mvuvi wake aliyemsindikiza, aliyevuta nyavu zake miaka thelathini. Papa Alonda akashika kiti kwa mikono miwili, lakini hakuvuta. Mama alikuwa tayari anapuliza muhuri. «Mi nimeshazeeka, patron,» Papa Alonda akasema. «Andika kwanza jina langu.»