Mwalimu alikata inshallah yangu, nikapeleka malalamiko kwa mkuu wa chuo

"Hiyo dua mbaya ikurudie mwenyewe!"

Wakuu, salaam. Hayo nilimwambia mwalimu mbele ya darasa zima. Yamenikuta mimi, chumvi sijatia.

Nina mtoto mmoja, nakaa Kinondo, nilikuwa nafua mashuka kwenye hoteli moja Diani. Nilitaka kuhamia reception, na bila cheti cha Kiingereza hupati. Nikajiunga na chuo Ukunda, mtoto nikawa namwachia mamangu.

Tukafika future perfect continuous. Yaani kufikia siku fulani, utakuwa umekuwa ukifanya jambo kwa muda kadhaa. Niliishika upesi.

Nikaandika: By December I will have been studying here for one year, inshallah.

Mwalimu, mgeni kutoka bara, akapiga mstari mwekundu. "Toa hiyo. Grammar haitaki dini."

Jamani, sisi huku ya kesho hatuyasemi hivi hivi. Hata ukiagiza viazi karai vya kesho, unatia inshallah.

Kila sentensi nikaiweka, kila sentensi akaikata. Nikavumilia.

Ndipo akaandika mfano wake ubaoni: By 2040 Mwanasiti will have been washing bedsheets for twenty years.

Mwanasiti ni mimi! Eti hadi 2040 niwe nafua mashuka tu, miaka ishirini!

Na hiyo ndiyo sentensi pekee niliyoshukuru haina inshallah.

Damu ikanipanda, nikasimama, nikasema hayo mliyosoma juu. Nyuma yangu Wanjiru, mlokole wetu, akapiga meza: "Ishindwe kwa jina la Yesu!"

Darasa zima, Waislamu kwa Wakristo: "Amina!"

Mwalimu akanitoa nje. Akasema mtihani nisahau.

Mtihani? Mashuka yote yale nimefua kwa ajili ya nini?

Nikaketi kwenye ngazi, nikaandika malalamiko rasmi kwa Kiingereza, nikayapeleka kwa mkuu wa chuo, mama wa makamo. Shikamoo kwanza, hasira baadaye. Nilimalizia hivi:

By the time you finish reading this, I will have been standing at your door for some minutes, and I am not leaving without my exam, inshallah. Yaani akimaliza kusoma, nitakuwa nimesimama mlangoni pake dakika kadhaa, na bila mtihani siondoki.

Akasoma yote, akapiga mhuri. "Mtihani utafanya Jumatatu."

Nikamkazia macho.

"Haya, mwanangu. Inshallah."

Nilichojifunza: hasira ukiipiga kelele unatolewa nje, ukiiandika inapigwa mhuri.

Nyinyi mngemfanyaje mwalimu huyo? Semeni, comments nazisomea hapa hapa reception.