Mkeka wa Bibi Harusi kwenye Picha ya Nne

Mjukuu wangu alikuwa anaandika kitabu chake cha chuo, kuhusu mikeka yetu ya huku Kilwa. Mwalimu wake alitaka kimfikie kabla ya adhuhuri. Kikichelewa hahitimu na wenzake, angoje mwaka mwingine. Umeme ulikatika tangu asubuhi na kompyuta ilikuwa inamalizia chaji. Mimi nimekaa kando yake nasuka ukili wa mkeka, mara namsikia, "Mama yangu wee!"

"Kuna nini, mke mwenzangu?"

Akanigeuzia kioo. Picha ya nne ilikuwa na mikeka mitatu pamoja, kila mmoja na herufi yake chini: (a) wa bibi harusi, (b) wa kuswalia, (c) wa wageni. Mwalimu kamwambia auongeze mkeka wa maiti, ule mweupe usiotiwa rangi, nao uwe wa kwanza. Alipouingiza, kompyuta ikazisogeza yenyewe herufi za chini ya picha: wa maiti ukawa (a), wa bibi harusi (b). Lakini ndani ya maelezo, herufi alizipiga kwa mkono wake, na hizo hazikusogea. Basi kitabu kikawa kinasema: bibi harusi hutandikiwa mkeka wa Picha ya 4(a).

"Astaghfirullahi! Umemlaza mwali kwenye mkeka wa maiti?"

"Si mimi, Bibi, ni hizi herufi!"

"Na herufi za nini? Mikeka ina majina. Mimi nakutajia kila mmoja, na aliyeusuka, na aliyemfundisha."

"Chuo hakitaki majina, kinataka namba na herufi. Nisaidie, Bibi, chaji inaisha."

Tukagawana kazi: yeye asome maelezo, mimi nitazame picha nimpe herufi. Kusoma kwangu ni kule kwa kisomo cha watu wazima, lakini herufi nazijua.

"Wa bibi harusi?"

"Be."

"Wa kuswalia?"

"Che."

"Wa wageni?"

"De."

Tukaenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa. Ghafla akaacha kupiga.

"Bibi! Nimeandika ch kila mahali! Chini ya picha ni c!"

"Si ndiyo hiyo che? A, be, che, de."

"Kompyuta haina che!"

"Haina che? Na chai wanaiandikaje?"

Alitaka kucheka, kikamtoka kilio. Naye shule ya msingi walimwimbisha vilevile. Sikio limesikia che, vidole vikafuata. Akarudi mwanzo, anabadilisha moja moja. Msikitini muadhini alishaanza kukohoa kwenye kipaza sauti.

"Tuma," nikamwambia.

"Zimebaki za kuswalia mbili."

"Bibi harusi yuko wapi?"

"Yuko b."

"Basi tuma. Mwenye kuswali hakosi pa kusujudu."

Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, adhana ikaanza, kioo kikawa cheusi. Kitabu kimekwenda? Hakikwenda? Hakuna kati yetu aliyejua. Nikawa namwitikia muadhini kimoyomoyo huku macho yangu yako kwenye simu yake, iliyolala sakafuni baina yetu.

Adhana ilipokwisha, simu ikatetemeka. Akaisoma, akajifunika uso kwa kanga.

"Umefaulu?"

"Bado, Bibi. Kimefika tu."