Jibu Fupi la Wiebke Ketelsen

Kisiwa cha Norderhörn ni kidogo kiasi kwamba mbwa akibweka upande mmoja, kondoo wa upande wa pili huinua vichwa. Nyumba zake zimejengwa juu ya vilima vilivyorundikwa kwa mikono na watu wa kale, ili bahari ya Wafrisia ikipanda wakati wa dhoruba isiwakute vitandani. Katika nyumba ya mwisho, ile iliyotazama bara, aliishi Wiebke Ketelsen, mjane wa Ocke, pamoja na vyumba vyake vya wageni na simu iliyolia kutwa.

Wapigaji karibu wote walitaka kujua jambo moja. Je, ni kweli kwamba maji yakipwa mtu anaweza kutoka bara na kutembea kwa miguu, juu ya tope la bahari, mpaka kisiwani?

"Anaweza," Wiebke alikuwa akijibu, simu begani, vidole vikimenya kamba wa baharini. "Lakini wewe usije peke yako. Shemeji yangu Tade ana kibali cha kuongoza watu. Njoo naye."

Aliyemwambia ayaandike yote hayo ni Jördis, mke wa mwanawe, aliyefanya kazi Hamburg katika kampuni ya kutengeneza tovuti. Jördis alikuja likizo moja, akamfungulia tovuti mezani pale jikoni, akamweka kitako kama mwanafunzi.

"Mama, usiandike unachotaka kusema wewe. Andika wanachouliza wao, kwa maneno yao. Mtu akiuliza avae nini, basi kichwa cha habari kiwe 'Nivae nini?' Jibu hapohapo chini yake. Hadithi baadaye."

"Na nikishajibu?"

"Unasubiri. Hii ni kama kupanda mti, mama. Si kukaanga yai."

Wiebke alikuwa na subira ya watu wa kisiwani. Aliandika kuhusu maji kupwa na kujaa, kuhusu mkondo, ule mfereji wa maji usiokauka katikati ya njia, kuhusu tope gumu na tope linalomeza mguu, kuhusu chaza wanaokata nyayo na ukungu unaotokea kaskazini bila hodi. Picha zote zilikuwa zake mwenyewe. Iliyopendwa zaidi ilimwonyesha Ocke kwa nyuma, suruali imekunjwa, fimbo mkono wa kulia, na mbele yake bahari imekauka mpaka upeo wa macho. Kila msimu ulipoisha alizisoma kurasa zote upya, akasahihisha palipobadilika, akafuta palipopitwa na wakati. Hakununua sifa wala hakurudiarudia neno moja ili kuuhadaa mtambo wa kutafutia mtandaoni, kama alivyosikia wengine wakifanya. Shule ya bara iliweka kiungo cha kuelekeza watu kwake, kikafuata chama cha wapenda ndege, halafu gazeti la mkoa. Polepole, mwaka baada ya mwaka, ukurasa wake ulipanda. Ikafika siku ambapo mtu yeyote aliyeuliza kuhusu Norderhörn alimkuta Wiebke kwanza kabla ya wote.

"Chema chajiuza," Tade alimwambia. Tade alikuwa mdogo wake Ocke, mtu mrefu, mkavu kama samaki wa kuning'inizwa, na safari zake sasa zilijaa mapema. "Endelea hivyohivyo, shemeji. Nitanunua hata buti mpya."

Krismasi moja Jördis alikuja na jambo jingine. Juu hata ya ukurasa ulio wa kwanza, alisema, siku hizi mtambo unaweka kisanduku. Unachagua jibu fupi kutoka kwenye ukurasa mmoja na kulionyesha zima, na msomaji hahitaji hata kubofya.

"Atakayeingia mle amewapita wote," Jördis alisema. "Lakini jibu liwe fupi, mama. Mistari miwili tu."

Wiebke akakaa, akaandika: *Ndiyo. Maji yakipwa unaweza kutembea hadi Norderhörn kwa saa tatu hivi. Kwenye mkondo maji hufika magotini.* Chini yake akaandika maonyo marefu, neno kwa neno kama alivyokuwa akiwaambia watu kwenye simu. Usiende bila kiongozi. Ukungu ukishuka hutauona mkono wako. Mkondo huhama.

Mtambo ulichukua mistari miwili ya kwanza, ukaacha mengine yote.

Alipoliona jibu lake ndani ya kisanduku, Wiebke alifurahi. Alijimiminia chai, akatia sukari ya mawe ikalia mle kikombeni, akamwaga malai juu. Hata hivyo alirudi kulisoma tena, na tena, na kila mara macho yake yalikwama kwenye neno lile la mwisho. Sentensi ilikatikia magotini, na baada ya hapo palikuwa peupe.

Kiangazi kile Tade aliingia jikoni na tope likiwa bado limemganda miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Leo nimekuta watu katikati ya tope," alisema. "Hawana kiongozi. Mmoja kavaa ndala."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia warudi. Wakanionyesha simu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Wewe ndiye uliyewaambia waje, shemeji."

"Nimeandika yote pale chini. Soma uone."

"Mimi nitasoma. Wao nani anasoma chini?"

Wiebke alichukua kitambaa, akaanza kufuta tope sakafuni, ingawa Tade alikuwa bado amesimama juu yake.

Kipupwe kilichofuata kilikuwa na dhoruba mfululizo. Bahari ilipanda mpaka kisiwa kikabaki nyumba tu juu ya maji, na usiku Wiebke aliwasikia kondoo zizini wakigonga mbao kwa pembe. Machi ilipofika, Tade alitoka na fimbo yake kwenda kuupima mkondo. Aliporudi hakuvua koti.

"Umehama," alisema. "Umesogea mashariki na kujichimbia. Pale palipokuwa magotini sasa ni mbavuni. Na chini si mchanga tena. Ni uji."

Siku hiyohiyo Wiebke alibadilisha ukurasa. Akatoa magoti, akaweka kifua, akaweka onyo juu kabisa. Kisanduku kikabaki na maneno ya zamani kwa majuma. Halafu asubuhi moja kikabadilika, na Wiebke, aliyekuwa akikiangalia kabla hata ya kulisha kondoo, alikisoma mara mbili. Jina la tovuti lililoandikwa pale halikuwa lake. Maneno ndiyo yaliyokuwa yake, yaleyale ya mwanzo. *Hufika magotini.*

Alimpigia Jördis. Ilichukua muda kabla ya mkwewe kujibu, kwa kuwa alikuwa akiitazama ile tovuti huku wakiongea.

"Mama, hapa hakuna mtu," Jördis alisema hatimaye. "Ni mashine tu inayonakili. Ina kurasa za visiwa vya dunia nzima. Jina la mwandishi la uongo, uso wa uongo. Na wamechukua picha ya baba."

"Ocke?"

"Ndiyo. Wameigeuza tu, fimbo sasa iko mkono wa kushoto."

Wiebke aliwaandikia wenye tovuti ile, barua ikaenda kama jiwe kisimani. Aliwaandikia wenye mtambo wa kutafutia, akajibiwa kwamba wanamshukuru kwa maoni yake. Kiangazi kikaja, na kila maji yalipokupwa alisimama dirishani na darubini ya Ocke. Alijiambia anatazama ndege.

Siku yenyewe ilikuwa ya Septemba, mchana, jua la upole, upepo hakuna. Wiebke aliona vidoa vitatu juu ya tope, mbali, upande usio wa njia. Kaskazini palikuwa na ukuta mweupe uliokuwa haujafika bado. Alimpigia Tade, ambaye hakuuliza swali. Alitoka mbio na kamba begani. Wiebke akawaita walinzi wa bahari, kisha akachukua baragumu la ukungu lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango, akatoka nalo mpaka ukingo wa kilima.

Ukungu ulikuja ukafunika kwanza vidoa, kisha Tade, kisha kondoo wake mwenyewe waliokuwa hatua chache mbele yake. Wiebke akapuliza. Alipuliza, akasikiliza, akapuliza tena, ili yeyote aliyeko kule ajue ardhi iko wapi. Alisikia maji kabla ya kusikia watu. Maji kujaa katika tope hayaji na mawimbi. Huja na mlio mdogo, kama mafuta yanayoanza kupata moto, kutoka pande zote.

Tade alitokea akiwa ameloa mpaka shingoni, akiwavuta wanawake wawili kwa kamba ileile. Alikuwa peke yake na hao wawili. Wiebke alitazama nyuma yao, akaendelea kupuliza mpaka Tade akamshika mkono.

"Basi, shemeji," alisema. "Basi. Mashua ya walinzi imefika, wao wanatafuta."

Wanawake wale walikuwa ndugu, watu wa milimani, kusini kabisa. Mkubwa aliitwa Irmela, na aliyebaki kule alikuwa mumewe, Gernot. Wiebke aliwavua nguo zilizoloa, akawafunga mablanketi, akawapa chai. Irmela hakulia. Alishika kikombe kwa mikono miwili na kuzungusha macho jikoni, kama mtu anayetafuta kitu cha kushikilia, mpaka yakafika ukutani.

"Huyu nimeshamwona," alisema.

Ilikuwa picha ileile ya Ocke na fimbo yake.

"Tulimwona kwenye simu," Irmela aliendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Gernot alisema, tazama, mzee kama huyu anatembea, sisi tutashindwaje? Iliandikwa magotini."

Wiebke alitaka kusema kwamba alikwisha kubadilisha, kwamba ile haikuwa tovuti yake, kwamba picha ilikuwa imegeuzwa. Yote yalikuwa kweli. Aliyatazama yakipita kichwani mwake, moja baada ya jingine, akaona hakuna hata moja ambalo mtu anaweza kumwambia mwanamke anayesubiri mashua. Akamwongezea chai.

Gernot walimpata wavuvi wa kamba siku chache baadaye, upande wa kaskazini.

Baada ya mazishi, Wiebke alimpigia Jördis amfundishe kuifuta tovuti nzima.

"Naweza kuifuta sasa hivi," Jördis alisema. "Lakini fikiri kwanza, mama. Wewe ukiondoka, nani anabaki juu?"

Wiebke aliitazama picha ya Ocke ukutani.

"Wale," Jördis alisema. "Wanabaki wale peke yao."

Basi hakuifuta. Akaandika jibu fupi jipya, fupi kuliko la kwanza: *Hapana. Usitembee bila kiongozi. Mkondo ni wa kina na watu wamekufa.* Mtambo haukulipenda. Aliyeuliza kama inawezekana alitaka kuambiwa ndiyo, na wenye kunakili walimpa. Wiebke akashuka hadi nafasi ya pili, kisha ya tano. Kwa hiyo kipupwe kizima alifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya hata wakati tovuti ilipomletea furaha. Alipiga picha mpya za mkondo, Tade akiwa amesimama ndani yake, maji kifuani, uso umekunjamana. Aliandika vipimo vya kila bamvua. Aliwaandikia walinzi wa bahari, shule, makanisa na wenye hoteli, akiwaomba waelekeze watu kwake. Wengine walikubali. Mwenye mgahawa wa gatini alimwambia usoni kwamba anawafukuzia wateja.

"Umepata umaarufu kwa kuwaita," alisema, "sasa unatafuta umaarufu kwa kuwatisha."

"Sawa," Wiebke alijibu. "Lakini weka kiungo."

Karibu na Pasaka, neno *Hapana* liliingia kisandukuni, na mara hii kwa jina lake. Jördis alipiga simu akilia kwa furaha. Wiebke alimshukuru, akaenda kuwatazama kondoo waliokuwa wanazaa. Vyumba vyake karibu vyote vilikuwa vitupu mwaka ule, na hakulalamika.

Mwezi wa Mei alivuka kwa boti kwenda bara kwa daktari wa meno. Aliporudi gatini alipita kwenye tuta la kuzuia bahari, akamkuta Tade amesimama chini, pale njia inapoingia topeni, akizungumza na kijana mmoja na mchumba wake. Walikuwa wameshafika mbali, naye amewarudisha.

"Hamkusoma?" Wiebke aliwauliza. "Iko juu kabisa. Imeandikwa hapana."

"Hatukusoma chochote," binti alisema kwa adabu. "Tumeiuliza tu simu kwa mdomo. Imetujibu."

"Imewajibu nini?"

Binti akainua simu, akauliza upya ili mama huyu asikie. Sauti ya kike, tulivu, yenye upole wa muuguzi, ikasema kwamba matembezi ya Norderhörn ni ya kupendeza, huchukua saa tatu hivi, na kwamba kwenye mkondo maji hufika magotini.

"Imetoa wapi hayo?" Wiebke aliuliza.

Binti alitazama simu yake mbele na nyuma. Hapakuwa na jina la mtu wala ukurasa wa kubofya.

"Haisemi," alijibu.

Tade alitema mate pembeni. "Sikio la kufa halisikii dawa," alinong'ona, na Wiebke hakujua kama anawasema vijana wale au kitu kingine. Maji yalikuwa bado yanakupwa. Juu ya ngazi za tuta, familia moja ilikuwa imeketi katika jua, watoto na mama na babu, wanavua viatu.