Springi Iliyobanwa

Pale gereji walimwita Mama Springi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa moja tu: kubana springi nene za magari, zile za magurudumu ya mbele, ili zitolewe na kubadilishwa. Unaweka vibanio viwili, kimoja huku na kingine kule, unakaza skuru zamu kwa zamu mpaka msokoto mzima wa chuma ujikunje. Ikishabanwa hivyo hainyanyuliwi ovyo. Ikifyatuka inatoboa ukuta, sembuse mtu. Yeye mwenyewe kidole kilimtoka mwaka wa kwanza, na aliwatania wateja kwamba kimetangulia mbele ya haki kumshikia nafasi.

Ndiyo maana palikuwa na sheria. Atakayeona kibanio kinateleza apige kelele, "Lala!" na kila mtu, hata mwenye gereji, ajibwage chini bila kuuliza. Binti yake wa pekee alikulia humo, na alijua kujibwaga kabla hajajua kusoma.

Binti akaolewa, na mwanamume akaanza kumpiga. Kwanza kofi, likafuatwa na machozi ya toba na gauni jipya. Kisha mkanda. Kisha teke lililomng'oa meno mawili.

"Ndivyo alivyo, Mama," binti alisema, mdomo umevimba. "Anapandwa na hasira, anapoa, tunarudi palepale."

"Hamrudi palepale." Mama Springi aliokota springi kuukuu, akapitisha kidole kwenye mkunjo wake. "Duara ndilo linalorudi palepale. Hii ikizunguka inapita juu ya pale ilipoanzia. Tazama. Kofi, mkanda, teke. Mzunguko unaofuata nitakuzika, mwanangu. Mimi sikukuzaa nije nikuzike."

Binti hakurudi kwa mumewe tena.

Siku ya nne, asubuhi kazi imepamba moto, mkwe akatokea mlangoni. Hata salamu hakutoa.

"Nimemfuata mke wangu."

"Nenda nyumbani upoe kwanza, baba. Tutazungumza."

Alimpita kama hamwoni. Binti alikuwa ameinama akiosha nati kwa mafuta ya taa. Mkwe akamshika nywele, akamgongesha kichwa kwenye mlango wa gari, mara moja, mara mbili, na damu ikaruka mpaka kwenye kioo. Mama Springi akamshushia spana begani kwa nguvu zake zote. Mkwe akageuka, akamtwanga ngumi ya uso, akamwangusha kwenye dimbwi la oili chafu. Kisha, mafundi wakija mbio kutoka uani, akaangaza macho akitafuta kitu kizito.

Juu ya meza palikuwa na springi ambayo Mama Springi alikuwa ametoka kuibana muda huohuo. Mkwe akaikamata kwa kibanio, kama mtu anayeshika birika kwa mpini wake, akainyanyua juu ya kichwa cha mkewe.

Kutoka pale chini Mama Springi aliiona ndoano ya kibanio iliyoshika msokoto ikisogea. Muda ulikuwepo wa kumwambia aweke chini. Alimchukia mtu yule mpaka mate yakawa machungu mdomoni. Alitazama ndoano ikikwaruza rangi ya springi, ikifika ukingoni, ndipo akapiga kelele:

"Lala!"

Binti akajibwaga kifudifudi. Mkwe akacheka, akidhani ameangukiwa miguuni.

"Sasa ndio umejua ad…"

Springi ilifyatuka. Iliondoka na taya lake, ikapasua kioo cha gari, ikagonga paa la bati na kurudi kutua katikati ya sakafu, ikicheza. Mkwe alikuwa maiti kabla magoti hayajagusa chini.

Mafundi wote walimwambia askari kwamba Mama Springi alipiga kelele, na ni kweli, wote walimsikia. Askari akaandika, akaondoka.

Mama na mwana wakabaki kwenye karai la maji. Binti alikuwa akimfuta mama yake oili na damu usoni.

"Mama, ulikiona tangu lini kibanio kikiteleza?"

"Si nilipiga kelele?"

"Nilisikia. Nauliza tangu lini."

Mama Springi alitazama maji yaliyogeuka rangi.

"Tangu alipokinyanyua."

Binti alikamua kitambaa, akakichovya tena, akaendelea kumfuta.