Springi Zilizolegezwa Nyololo

Hadi leo nikipita mbele ya gereji na kunusa chuma cha moto kikizamishwa kwenye oili chafu, miguu yangu husita yenyewe. Wajukuu huniuliza, "Bibi, umeona nini?" Sijaona kitu. Hiyo ni harufu ya baba yangu, Fundi Asukile, na ni harufu ya mwaka tuliompoteza dada yangu Lugano.

Sisi ni Wanyakyusa, lakini nyumbani kwetu wakati ule, katikati ya miaka ya hamsini, palikuwa Mufindi, kwenye shamba la chai ambako baba alitengeneza magari. Ukungu ulikuwa mzito hata nguo za kuanika zililala siku tatu kambani. Mwenye shamba alikuwa Mzungu mrefu, pua imebabuka kwa jua. Wafanyakazi walimwita Bwana Vumbi kwa sababu ya gari lake la mashindano. Lilikuwa dogo, la kijani, viti viwili tu, halina paa, nalo lilikuwa chini mno. Lugano alisema likigonga kuku, kuku ataendelea na safari, gari ndilo litakalolazwa.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa, na maneno yake yalinichekesha hata kanisani.

Barabara zetu zililikwangua gari lile tumbo kwa mawe. Siku moja Bwana Vumbi alilileta kwenye banda la baba, akasema kwa Kiswahili chake, "Fundi, nyanyua yeye juu. Fanya ngumu. Mimi hapana taka yeye lala kwa kona."

Baba alitoa springi za lori lililokufa nyuma ya kiwanda, akazikata, akazipasha moto, akazikunja kwa nyundo. Lugano na mimi tulivuta mivukuto kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi. Kila bamba lilipozamishwa kwenye oili lilichachatika kama andazi. Baba aliongeza mabamba mawili kila upande wa nyuma, kisha akamwaga oili nyepesi ya shokapu na kutia nzito. Alipomaliza alituita, "Haya, pandeni hapo nyuma mruke!" Tuliruka, tukaruka tena. Gari halikuinama hata kidogo. Baba alicheka kwa fahari, na sikumbuki kumwona akicheka vile tena.

Miezi miwili baadaye Lugano alishikwa na tumbo. Siku ya kwanza mama alisema ni maembe mabichi, akampa maji ya moto. Siku ya pili alitapika. Siku ya tatu tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na alilala amekunja magoti, hataki hata shuka limguse. Mganga wa zahanati ya shamba alimpapasa, akamvuta baba nje, wakazungumza kwa muda. Baba aliporudi ndani alisema neno moja tu: "Iringa."

Lori la shamba lilikuwa limekwenda Mbeya. Bwana Vumbi mwenyewe alikuwa kitandani anatetemeka kwa malaria, lakini alitoa funguo bila kuulizwa mara mbili. Mama alikuwa na kichanga cha wiki moja, hakuweza kuja. Lugano aliwekwa kwenye kiti, mimi nikabanwa nyuma yake kwenye nafasi ya mizigo ili nimshike kichwa. Baba akashika usukani.

Wasomaji wangu, mnaijua barabara ya vumbi iliyokauka ikawa na matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia? Gari lile lilirukaruka juu yake kama jiwe. Kila tuta lilimpiga Lugano tumboni. Mwanzoni alipiga kelele, halafu akawa anauma mkono wangu, halafu akalia kwa sauti nyembamba ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mwingine. Baba alipunguza mwendo. Haikusaidia. Aliongeza mwendo. Ikawa vibaya zaidi.

Tulipofika Nyololo, Lugano alisema, "Tata, simama. Nakuomba usimame tu."

Baba akasimama. Tulimlaza kwenye blanketi, juu ya majani kando ya barabara. Nilidhani tunapumzika kidogo. Kumbe baba alitoa jeki na spana, akavua shati, akaingia chini ya gari. Nilimsikia akihema na kugonga. Alitoa bamba la kwanza akalitupa majanini, akatoa la pili, akahamia upande wa pili. Vidole vyake vilivuja damu. Jua lilipanda. Hakuna gari lililopita.

"Baba, twende!" nilimwambia.

"Nakuja, mwanangu. Bado kidogo."

Ilipita zaidi ya saa moja. Tulipoondoka, gari lilikuwa jingine kabisa, lilinesanesa. Lugano hakulia tena. Alisema, "Ndaga, tata," yaani ahsante baba, akalaza shavu kwenye mkono wangu akalala. Huko mbele aliamka mara moja kuniuliza kama nimeona twiga. Hapakuwa na twiga. Nikamwambia ndiyo, wawili.

Alifariki hospitalini alfajiri iliyofuata. Baba alipotoka kuniambia, nilimtazama usoni nikasema, "Usingesimama Nyololo, tungefika mapema."

Msibani nilimsikia jirani mmoja akinong'ona, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Baba naye alisikia, maana aliinuka akaenda kusimama peke yake nyuma ya nyumba. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba mtu mzima amesema kama mimi.

Miaka ilipita, nikasomea uuguzi. Siku moja aliletwa kijana kutoka Kilolo juu ya lori, tumbo gumu kama ubao, magoti amekunja. Niliufahamu ugonjwa wake kabla sijamgusa. Daktari alinionya nisigonge kitanda kwa sababu kwa mgonjwa wa namna ile, mtikisiko mdogo ni kisu. Nikamuuliza, "Akiwa na siku tatu hivi, saa moja inaweza kumwokoa?" Alifikiri, akasema, "Mara nyingi hapana. Lakini nani anajua?"

Nilipopata likizo nilikwenda moja kwa moja Mufindi. Baba alikuwa amezeeka, anafuta spana kwa kitambaa. Nilipiga magoti nikamwambia, "Baba, nisamehe kwa lile neno la hospitali. Nilikuwa mtoto, sikujua."

Aliendelea kufuta ile spana. Kisha akasema, "Tusekile, yule mganga aliniambia mapema kwamba huenda tumechelewa. Huenda. Hakusema hakika. Mimi nimejiuliza kama nilikosea kusimama tangu nilipokuwa chini ya gari, kabla wewe hujasema neno. Sijapata jibu mpaka leo."

Nilikuwa nimekwenda kumtua mzigo niliodhani nilimtwika mimi. Kumbe tulikaa miaka yote ile katika nyumba moja, kila mtu na swali lilelile, na hakuna aliyemwita mwenzake amsaidie kulibeba. Niliketi chini karibu naye, nikachukua kitambaa kingine.